Kwa Jirani wa Roshani ya Chini

Bwana Zdzisław, nimeiona soseji.
Usiifiche nyuma ya gazeti.
Pączek ameiona kabla yangu,
na mkia wake haujui kutunza siri.

Jina lake, nakiri, ni kosa langu:
ukimwita mbwa Andazi
ataumuka.
Januari alifika kilo kumi na moja na nusu.
Mizani ya mbwa sina. Humkumbatia kifuani,
napanda naye kwenye mizani ya bafuni,
kisha namweka chini, napanda peke yangu,
natoa. Hesabu yenyewe nyepesi;
kinachouma ni ile namba ya pili.

Nilishona mashuka kiwandani miaka thelathini na moja
katika mji huu wa Łódź, mpaka nyuzi zikaisha, kiwanda kikafungwa.
Pensheni yangu naijua kama kitambaa:
ukikosea kukata hapa, kule hakitafunika.
Kwa hiyo usinione bahili
nikimpimia chakula kwa kikombe kilichovunjika mkono,
kimoja asubuhi, nusu jioni,
wala nikimkata kucha mwenyewe chini ya taa ya cherehani,
ncha tu, ncha tu,
pale pasipofika damu.
Chanjo sipunguzi. Hapo mkasi wangu husimama.

Maana mwaka juzi nilikata pasipokatwa.
Alinuka mdomo, nikasema: mbwa hunuka mbwa.
Akatafuna upande mmoja, nikasema: uzee huo.
Daktari Wierzbicka alimfunua midomo
akanyamaza kwanza.
Meno manne. Sindano ya usingizi, vidonge,
kurudi, na kurudi tena.
Zloti elfu moja na mia sita
kutoka kopo la kahawa nililowekea koti jipya.
Usipoziba ufa utajenga ukuta;
mimi niliujenga mdomoni mwa mbwa, tofali kwa tofali,
na baridi ile niliipitisha na koti la zamani,
bitana yake nimeitia viraka mara tatu.

Siku hizi, taarifa ya habari ikianza,
namsugua meno kwa mswaki wa mtoto
na dawa ya mbwa, si yetu; yetu ingemdhuru.
Hunitazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.
Tukitoka nje, namwosha nyayo:
chumvi wanayomwaga njiani kuyeyusha barafu
humchoma katikati ya vidole.
Maji ya vuguvugu, taulo kuukuu,
na dakika mbili za kunung'unika, zangu na zake.

Nilitaka kuishia hapo, bwana.
Nilitaka kusema neno moja: acha.
Lakini jana nilichelewa kuvuta kamba,
nikasikia unavyomwambia huku ukimlisha
kati ya nondo za roshani:
“Halina alisema utakuja.”

Halina wako, tuliyemzika Oktoba.

Sikujua. Nilidhani ni soseji.

Basi tufanye hivi.
Nimekuachia bakuli mlangoni, lenye kifuniko cha buluu.
Ni karoti, nimezichemsha bila chumvi,
nimezikata ndogo kama vifungo vya shati.
Ziko kumi na mbili. Mpe zote,
moja moja, bila haraka,
na katikati yake zungumza naye unavyotaka.
Hajui kuhesabu. Atadhani ni karamu.

Na saa tisa alasiri, kabla giza halijashuka,
kama goti litakuruhusu,
vaa lile koti la kijivu tumtembeze
hadi bustanini na kurudi.
Daktari alitaka dakika arobaini kila siku.
Kwenye risiti hakuziandikia bei.

Jumamosi tutampima. Safari hii umbebe wewe.
Nitageukia dirishani, nitazame theluji;
namba zako ni zako.
Niambie tofauti tu.